Maswali ya Wasomaji: Kupanga Likizo ya Mbizi Kisiwani

Barua nyingi zilizotufikia safari hii zimetoka kwa watu walio mbioni kulipia likizo ya kupiga mbizi kwenye kisiwa cha nchi za joto. Tumezijibu kwa kirefu pale penye hatari, na kwa kifupi pale pasipo na mengi. Mwenye haraka asome angalau jibu la kwanza kabla hajagusa tiketi, kwa sababu likizo ya namna hii hupangwa kuanzia mwisho: unaanza na saa ya ndege ya kurudi, kisha unahesabu kurudi nyuma.

*Mimi na mume wangu tuna siku saba. Tunafika Jumapili mchana, na ndege ya kurudi inaondoka Jumapili inayofuata saa 2 asubuhi. Tungependa kupiga mbizi kila siku hadi Jumamosi jioni ili pesa yetu isipotee bure. Kuna ubaya?*
— Wenye ndege ya asubuhi

Ubaya upo, tena mkubwa. Chini ya maji unapumua hewa iliyoshindiliwa, na naitrojeni iliyomo huyeyuka na kuingia kwenye damu na misuli. Ukipanda polepole, hutoka kwa njia ya pumzi bila kukudhuru, lakini haiishi palepale unapofika juu. Huendelea kutoka kwa saa nyingi. Ndani ya ndege ya abiria, shinikizo la hewa huweza kushuka hadi lile la kimo cha mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Naitrojeni iliyobaki mwilini ikipata upungufu huo wa shinikizo, hufanya viputo, na hapo ndipo ugonjwa wa mbizi unapoanzia: maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, na hali ikiwa mbaya, kupooza.

Mwongozo unaofuatwa sana ni wa shirika la Divers Alert Network, maarufu kama DAN. Baada ya mbizi moja tu isiyohitaji vituo vya lazima wakati wa kupanda (kusimama kwanza chini ya maji ili naitrojeni itoke), subirini angalau saa 12. Mkipiga mbizi zaidi ya moja kwa siku, au siku kadhaa mfululizo, subirini angalau saa 18. Kwa mbizi zenye vituo vya lazima, ni zaidi sana ya hizo 18. Sasa hesabuni: kutoka Jumapili saa 2 asubuhi, saa 18 nyuma ni Jumamosi saa 8 mchana, na huo ni ukomo wa chini kabisa. Sisi tunashauri saa 24 kamili, na kwenu maana yake ni kwamba mbizi ya mwisho iwe Ijumaa. Jumamosi suuzeni vifaa kwa maji yasiyo na chumvi na mvianike kivulini vikauke, maana suti iliyolowa huongeza kilo nyingi kwenye begi.

Angalieni pia kama safari ya kurudi inaanza kwa ndege ndogo ya kutoka kisiwani kwenda uwanja mkuu. Nyingi kati ya hizo hazina mfumo wa kushindilia hewa ndani, kwa hiyo muda unahesabiwa hadi ndege hiyo ya kwanza. Na kama kisiwa chenyewe kina mlima, msipange kuupanda siku ileile ya mbizi. Mlima nao ni upungufu wa shinikizo.

Upande wa kufika, msipige mbizi siku mliyotua. Uchovu, kukosa usingizi na kukaukiwa maji mwilini vyote huongeza hatari. Jumatatu asubuhi iwe mbizi ya majaribio mahali pasipozidi mita 10 au 12, kisha mbizi mbili kwa siku hadi Ijumaa. Hizo ni takriban kumi, na zinatosha kabisa. Katikati ya wiki wekeni nusu siku ya kupumzika. Atakayepata mafua au masikio yenye maumivu ataihitaji.

*Sijawahi kupiga mbizi hata mara moja. Nisomee nyumbani au hukohuko kisiwani? Kuogelea naweza, ila si hodari.*
— Mwanagenzi

Njia ni tatu. Ya kwanza ni mbizi ya kuonja, ambayo haihitaji cheti: mwalimu anakuwa nawe muda wote na hushuki zaidi ya mita 12. Inamfaa anayetaka kujua tu kama atapenda. Ya pili ni kufanya kozi yote kisiwani: masomo, mazoezi ya bwawani au kwenye maji tulivu, kisha mbizi nne za baharini zinazogawanywa kwa siku zisizopungua mbili. Kwa kawaida kozi nzima huchukua siku tatu hadi nne. Ukihitimu unapata cheti cha awali kinachokuruhusu kushuka hadi mita 18 na mwenzako.

Ya tatu ndiyo tunayoipendekeza kwako: kuigawa kozi. Masomo na mazoezi ya bwawani unayamaliza nyumbani bila haraka, kisha unabeba barua ya rufaa inayoonyesha ulichokamilisha na kufanya mbizi nne za mwisho kisiwani. Barua ya PADI, mojawapo ya vyama vya kufundisha mbizi, hudumu miezi 12 tangu sehemu ya mwisho uliyokamilisha. Kabla ya kulipa popote, hakikisha kituo cha kisiwani kinaipokea barua ya chama kilichokufundisha, iwe ni PADI, SSI, NAUI au CMAS, na uwaombe wakuandikie hivyo.

Kuogelea kusikutie hofu. Kipimo cha kawaida ni mita 200 bila kusimama, kwa mtindo wowote na bila kuangaliwa saa, kisha kuelea dakika 10. Kinachowashinda wanafunzi wengi ni kitu kingine: kuvua miwani chini ya maji na kuivaa tena. Maji yakigusa pua, mtu hushtuka, huvuta pumzi kwa pua na kukohoa. Dawa yake unaweza kuanza nayo nyumbani. Jaza beseni, chovya uso bila miwani ukiwa na mrija wa kupumulia mdomoni, na upumue taratibu kwa mdomo dakika mbili mbili. Ukizoea, jaribu kuvuta kwa mdomo na kutoa kwa pua. Wiki moja ya mazoezi hayo hukuondolea nusu ya woga wa kozi.

*Nilikuwa na pumu utotoni. Kisiwa tunachokwenda kina malaria na nimeandikiwa mefloquine. Pia huwa napata mafua kila nikisafiri. Nitaruhusiwa kweli?*
— Mwenye kifua chepesi

Kila kituo makini kitakupa fomu ya afya ujaze kabla ya kugusa mtungi. Ukijibu "ndiyo" kwenye maswali fulani, pumu ikiwa mojawapo, utatakiwa kuwa na saini ya daktari. Watu wengi huiona fomu hiyo kwa mara ya kwanza wakiwa kisiwani, siku ya kwanza ya likizo, na daktari anayeielewa hayupo karibu. Iombe sasa, mpelekee daktari wako, na usafiri nayo ikiwa imeshasainiwa. Usiandike "hapana" ili mambo yaende haraka. Hewa iliyonaswa kwenye njia za mapafu zilizobana hutanuka unapopanda: kutoka mita 10 hadi juu inakuwa mara mbili ya ilivyokuwa, na pafu linaweza kupasuka. Pumu iliyotulia kwa miaka mingi mara nyingi si kizuizi, lakini vipimo vya mapafu ndivyo vitakavyosema.

Kuhusu mefloquine, rudi kwa daktari umwambie wazi kwamba utapiga mbizi. Dawa hiyo huweza kuleta kizunguzungu na wasiwasi, na dalili hizo haziachani sana na za ugonjwa wa mbizi, kwa hiyo wapiga mbizi hushauriwa kuiepuka. Zipo nyingine, kama mchanganyiko wa atovaquone na proguanil, au doxycycline, ingawa hii ya pili huifanya ngozi iungue haraka juani. Uamuzi ni wa daktari, lakini ni lazima aujue mpango wako.

Mafua nayo yasichukuliwe kwa wepesi. Pua iliyoziba haipitishi hewa kwenda sikio la kati, na masikio yanahitaji kusawazishwa, yaani kusukumiwa hewa ndani, tangu nusu mita ya kwanza, kisha kila mita moja hivi, kabla maumivu hayajaanza. Ukisubiri hadi yaume, mrija wa sikio umeshabanwa na kusukuma kwa nguvu huweza kuumiza sikio la ndani. Vidonge vya kufungua pua vina mtego wake: vinaweza kuisha nguvu ukiwa chini, hewa ikakosa pa kutokea wakati wa kupanda. Mwenye mafua akae ufukweni siku hiyo. Wajawazito wasipige mbizi kabisa.

*Kisiwa kilekile, rafiki yangu mmoja alikuta maji maangavu kupita kiasi, mwingine hakuona hata mapezi yake. Niende mwezi gani?*
— Mpenda picha

Inategemea unataka kuona nini. Maji maangavu na wanyama wakubwa mara nyingi hawaji pamoja, kwa sababu samaki bapa waitwao taa, wale wakubwa, na papa potwe huvutwa na chembechembe hai zinazoyatia maji ukungu. Maldivi ni mfano mzuri. Miezi ya upepo wa kaskazini-mashariki, takriban Januari hadi Aprili, ndiyo ya bahari tulivu na maji maangavu, lakini ghuba ya Hanifaru inayosifika kwa makundi ya taa wakubwa huwa na shamrashamra katika miezi ya upepo wa kusini-magharibi. Na humo ghubani mitungi hairuhusiwi, wageni huelea juu kwa mrija tu. Mambo kama haya yaulizwe kabla ya kununua tiketi.

Zipo sehemu zinazofungwa kabisa: visiwa vya Similan huko Thailand hufungwa tangu katikati ya Mei hadi katikati ya Oktoba. Karibi, msimu wa vimbunga ni kuanzia Juni 1 hadi Novemba 30.

Ukishapata mwezi, tazama mwezi wa angani. Wakati wa bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa na kupwa sana, na mikondo kwenye milango ya miamba, yaani njia za maji katikati ya miamba, huwa mikali. Wazoefu huitafuta mikondo hiyo kwa sababu papa huja kuwinda pale. Mwanagenzi apange wiki ya maji mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo. Na kwenye milango ya miamba, maji yanapojaa huleta maji safi ya bahari kuu. Yanapokupwa hutoa nje mchanga na tope la ndani. Mpiga picha akipewa uchaguzi wa saa, achague maji yanayojaa.

*Vituo vya mbizi vyote vina tovuti nzuri na picha za kasa. Nitajuaje kilicho salama kabla sijalipa?*
— Msomaji mwangalifu

Waandikie, na uwaulize mambo ambayo picha haziwezi kuyajibu. Mtungi wa oksijeni ya dharura upo ndani ya boti, au upo ofisini? Kama ni ofisini, hilo peke yake linatosha kukufanya utafute kwingine, maana mgonjwa huihitaji ndani ya dakika, si baada ya saa nzima ya safari. Chemba ya shinikizo, yaani chumba cha kutibia ugonjwa wa mbizi, iliyo karibu iko wapi, na mgonjwa hufikishwaje huko usiku? Kiongozi mmoja huchukua wageni wangapi? Wanne ni idadi nzuri. Wanane kwenye mkondo ni wengi mno. Nahodha hubaki botini wakati wote? Kuna redio, au wanategemea simu ambayo mtandao wake hukatika baharini? Mbizi ya kwanza ya mgeni hufanyiwa wapi? Anayejibu kwamba atakupeleka mita 30 siku ya kwanza bila kukuona ukizama, mshukuru na umwache.

Uliza pia wanavyohesabu watu. Mwaka 1998 wapiga mbizi wawili, mke na mume kutoka Marekani, waliachwa baharini kwenye Great Barrier Reef, Australia, baada ya boti kukosea hesabu na kuondoka. Hawakupatikana tena. Boti nzuri huita majina mmoja mmoja, na kila mtu hujibu kwa sauti yake mwenyewe. Kuhesabu vichwa hakutoshi, kwa sababu aliyebadilisha kiti huweza kuhesabiwa mara mbili.

Ukifika kituoni, tumia macho na pua. Shingo ya mtungi ina tarehe ya kupimwa kwa shinikizo iliyogongwa kwenye chuma. Nchi nyingi hutaka kipimo hicho kisizidi miaka 5. Fungua hewa kidogo uinuse: hewa safi haina harufu wala ladha. Ikinuka mafuta au moshi, kichujio cha kompresa (mashine ya kujazia mitungi) kimechoka, au mdomo wa kuvutia hewa umewekwa karibu na ekzosi ya injini. Usiutumie mtungi huo, na uwaambie wenzako. Harufu isiyo ya kawaida huweza kuja pamoja na kaboni monoksidi, ambayo yenyewe hainuki, na makali yake huongezeka kadiri unavyoshuka.

Kisha kuna jambo dogo ambalo wengi hulipita. Vifaa vikishafungwa, weka regyuleta (kifaa cha kupumulia) mdomoni, vuta pumzi nne ndefu huku macho yakiwa kwenye geji ya hewa. Sindano inatakiwa itulie tuli. Ikishuka kila unapovuta na kurudi unapoacha, vali ya mtungi haijafunguliwa vizuri. Juu ya maji utapata hewa ya kutosha na hutagundua kitu. Kwenye mita 20 unahitaji hewa mara tatu, na hapo itakubana. Fungua vali hadi mwisho na ujaribu tena. Usikubali kuruka majini kabla hujaiona sindano hiyo kwa macho yako, hata kama mhudumu amekuhakikishia kwamba kila kitu kiko tayari.

*Ninunue vifaa au nikodi? Shirika la ndege linaniruhusu kilo 20 tu.*
— Msafiri mwenye begi dogo

Nunua miwani, kwa sababu nyuso hazifanani. Ibandike usoni bila kufunga mkanda, vuta pumzi kidogo kwa pua, achia mikono. Ikibaki imeshika inakufaa. Ndevu za juu ya mdomo huvujisha maji, na unywele mmoja ulionaswa ukingoni hutosha kuleta usumbufu wa mbizi nzima. Miwani mpya hufunikwa na utando wa kiwandani ambao hutia ukungu hata upake nini. Sugua kioo chake kwa ndani na dawa ya meno nyeupe, mara mbili tatu, usuuze. Asiyeona mbali bila miwani ya kawaida anaweza kuwekewa vioo vyenye namba yake.

Cha pili ni kompyuta ya mbizi ya mkononi. Ya kukodi hubadilika kila siku, na kompyuta isiyojua mbizi zako za jana haiwezi kujua naitrojeni uliyobaki nayo leo. Cha tatu ni suti, kama mwili wako si wa saizi ya kawaida. Kwa maji ya nyuzijoto 27 hadi 29, unene wa milimita 3 huwatosha wengi. Yakiwa 24 hadi 26, milimita 5. Usidharau baridi ya nchi za joto: maji hunyonya joto la mwili haraka kuliko hewa mara ishirini na zaidi, na siku ya nne ya mbizi mfululizo ndipo watu huanza kutetemeka.

Mitungi na vizito vya madini ya risasi, vinavyokusaidia kuzama, hupatikana kila kituo, usivibebe. Jaketi la kuelea unaweza kukodi. Ukiwa na regyuleta yako, ibebe mkononi pamoja na miwani na kompyuta, na uulize mapema mitungi yao ina vali ya aina gani, DIN ya kuskrubu au ile ya kukaza kwa nira, ili usikute haiingiliani. Betri za lithiamu huruhusiwa kwenye begi la mkononi, si kwenye mzigo wa chini; ondoa betri ya tochi, maana tochi ya mbizi ikiwaka kwa bahati mbaya ndani ya begi huunguza.

Usisahau boya la kuashiria, lile linalojazwa hewa na kusimama juu ya maji. Linaingia mfukoni. Kwenye mawimbi ya mita moja, kichwa cha mtu hakionekani kwa nahodha aliye mbali, bali boya la rangi ya chungwa huonekana.

*Kila mbizi mimi ndiye ninayemaliza hewa kwanza na kuwakatisha wenzangu raha. Nikitumia naitroksi nitakaa zaidi?*
— Mwenye mapafu makubwa

Naitroksi haitakuongezea hata pumzi moja. Ni hewa iliyoongezwa oksijeni, kwa kawaida asilimia 32, na faida yake ni kwamba naitrojeni imepungua. Kwenye mita 18, jedwali la PADI hukupa dakika 56 za kukaa chini bila vituo vya lazima kwa hewa ya kawaida na 95 kwa naitroksi ya 32. Ila mtungi wako wewe utakuwa umekwisha kabla ya dakika hizo. Pia ina ukomo wake wa kina: kwa shinikizo la oksijeni la baa 1.4 (baa ni kipimo cha shinikizo), mwisho ni takriban mita 33, maana ukipita hapo oksijeni yenyewe huweza kuleta degedege. Inahitaji kozi fupi, na kila mtungi upimwe na mtumiaji mwenyewe.

Tatizo lako lianze kwa hesabu. Mtungi wa alumini unaotumika sana una ujazo wa lita 11 na hujazwa hadi baa 200. Ukibakiza baa 50 za akiba, una baa 150 za kutumia, sawa na lita 1,650 za hewa. Tuseme unatumia lita 20 kwa dakika ukiwa juu. Kwenye mita 20 shinikizo ni mara tatu, kwa hiyo unatumia lita 60, na hewa yako ni ya dakika 27. Mwenzako anayetumia lita 14 anakaa dakika 39 mahali palepale. Mkipanda hadi mita 10, wewe unafikisha dakika 41. Basi omba mpangiwe miamba yenye uhai kwenye mita 8 hadi 14. Huko ndiko rangi na samaki wengi waliko hata hivyo, kwa kuwa mwanga wa jua bado unafika vizuri.

Mapafu makubwa si sababu kuu. Kwa wageni wengi, kisa ni vizito vilivyozidi. Kila kilo ya ziada inakulazimu kuweka lita moja ya hewa ndani ya jaketi, na hewa hiyo hutanuka ukipanda kidogo na kusinyaa ukishuka kidogo, hivyo unashinda ukijaza na kutoa. Miguu nayo huning'inia, na badala ya kuteleza kwa ulalo unayasukuma maji kwa mwili mzima.

Jipime mwisho wa mbizi ya kwanza, mtungi ukiwa na baa 50. Simama wima kwenye maji ya kina, usipige mapezi, toa hewa yote jaketini, na ushike pumzi ya kawaida. Maji yanatakiwa yakufike usawa wa macho. Ukitoa pumzi, uzame polepole. Ukizama ukiwa na pumzi kifuani, punguza kilo moja ujaribu tena. Usijipime kwa mtungi uliojaa na kuishia hapo: hewa utakayoitumia ina uzito wa karibu kilo 2, na bila hizo hutaweza kutulia kwenye mita 5 mwisho wa mbizi. Uliyekuwa ukifanyia mazoezi bwawani, ongeza kilo 2 hadi 3 kwa ajili ya maji ya chumvi. Andika namba utakayopata pamoja na unene wa suti na aina ya mtungi, ili usianze upya kila safari.

Kisha polepole. Pumzi ndefu ya kuvuta, ndefu zaidi ya kutoa, mikono imefungwa kifuani. Usijaribu kuokoa hewa kwa kuzuia pumzi. Ukipanda hata mita moja mbili huku umeizuia, unaweza kuumia mapafu. Unapopanda, usizidi mita 9 kwa dakika, na usimame dakika 3 kwenye mita 5 hata kama kompyuta haijadai.

*Watoto wetu wana miaka 10 na 13. Wanaweza kusoma kozi pamoja nasi?*
— Wazazi

Kwa utaratibu wa PADI, miaka 10 ndiyo ya kuanzia. Wa miaka 10 na 11 hushuka hadi mita 12, tena akiwa na mzazi mwenye cheti au mtaalamu. Wa 13 hufika mita 18 akifuatana na mtu mzima mwenye cheti. Lakini umri si kila kitu. Je, mtoto anaweza kusema "sitaki" mbele ya mwalimu, au atanyamaza ili asiwaudhi? Asiyeweza asubiri mwaka mmoja, aelee juu kwa mrija. Kifaa kisichomkaa mwilini ni sababu nyingine ya kusubiri.

*Bima ya safari ninayo. Inatosha?*
— Asiyependa karatasi

Isome sehemu ya michezo. Nyingi huweka ukomo wa kina, mathalani mita 18 au 30, na hukataa kulipa kama huna cheti au ulipita kina ambacho cheti chako kinaruhusu. Baadhi hazilipii mbizi kabisa. Unachokitafuta ni maandishi yanayotaja matibabu ya chemba ya shinikizo na usafiri wa dharura kutoka kisiwani, kwa sababu hayo mawili ndiyo yanayoweza kumfilisi mtu. DAN na mashirika mengine hutoa bima za wapiga mbizi tu. Namba ya dharura iwe kwenye simu yako na ya mwenzako.

Na dalili zikijitokeza, yaani ganzi, maumivu ya kiungo yasiyo na sababu, udhaifu, uchovu usio wa kawaida au vipele vya rangi ya marumaru tumboni, usijifariji kwamba kompyuta haikulia. Mara nyingi huanza ndani ya saa chache, na huweza kuchelewa hadi saa 24 au zaidi. Mlaze mgonjwa, apewe oksijeni ya asilimia 100, anywe maji kama ana fahamu na hatapiki, na mpige simu ya dharura. Hata akipata nafuu kwa oksijeni, apelekwe kwa daktari. Wala asirudishwe majini kwa kudhani shinikizo litamtibu.

*Mafuta ya kujikinga na jua yanaharibu matumbawe kweli? Nibebe yapi?*
— Mwenye ngozi nyepesi kuungua

Kemikali za oxybenzone na octinoxate ndizo zinazolalamikiwa zaidi. Palau ilipiga marufuku mafuta yenye kemikali hizo na nyingine kadhaa kuanzia Januari 1, 2020, na Hawaii ikazuia kuuza yenye mbili hizo mwaka uliofuata. Soma viambato nyuma ya chupa, chagua yenye zinki, na zaidi ya yote vaa nguo: fulana ya mikono mirefu ya kuogelea inakukinga mgongo mzima bila kuacha kitu majini. Uliza pia sheria za kisiwa kuhusu glavu. Bonaire, kwa mfano, imezikataza kwa wapiga mbizi, kwa sababu mwenye glavu hushika matumbawe bila kufikiri. Ukihitaji kujishikilia kwenye mkondo, tafuta jiwe tupu na utumie kidole kimoja.